Chini ya Gamba

Wenzake walipokuwa wakiyahama malisho yaliyokauka, Nasieku alikuwa bado anachimba. Juu, ardhi ilikuwa na gamba gumu, na mvua ikinyesha iliteleza tu ikaenda zake. Lakini alipolivunja, jembe lilizama kwenye udongo laini kama unga, usio na jiwe hata moja. Alichimba mpaka shimo likamfika kifuani.

"Shemeji, unamchimbia nani kaburi?" aliuliza Lekishon, mdogo wa marehemu mumewe. "Ng'ombe wameshaanza kuondoka!"

Nasieku alikuwa akifinya bonge la udongo, nalo halikupukutika.

"Lekishon! Udongo una unyevu! Na mizizi ya nyasi ingali hai! Tukilivunja hili gamba, mvua itaingia."

"Usinitanie."

"Shuka ushike mwenyewe!"

Lekishon akashuka. Alilifinya lile bonge, akalinusa, akalifinya tena. Ghafla akaangua kicheko, akaparamia juu na kutimua mbio, akipiga kelele watu wasimame.

Nasieku aliegemeza shavu kwenye ukuta wa shimo, uliokuwa baridi, akasikiliza kengele za ng'ombe huko mbali zikinyamaza moja moja.