Furushi Nyuma ya Mlango

Kwa miaka kumi na tisa furushi la Perusi lilikaa nyuma ya mlango, hata mlango haukufunguka wote. Ndani mlikuwa na makopa ya muhogo aliyoyabadilisha kila mwaka, kiberiti, na doti ya kanga ambayo hakuwahi kuivaa. Siku ya dhiki kuu ingefika, naye angelibeba na kukimbilia milimani.

Asubuhi hiyo mwinjilisti Yonazi alimsomea tena maneno ya Injili kuhusu dhiki hiyo, polepole.

"Dada, Bwana aliwaambia waliosimama mbele yake. Wao wenyewe wakayaona. Hekalu likabomolewa, mji ukaanguka. Yalishatimia zamani."

Perusi akaligeukia furushi. "Na wale walioambiwa wakimbie?"

"Inasimuliwa walikimbia mapema. Wakapona."

"Ahsante Mungu!" Machozi yakamlengalenga, kana kwamba ameletewa habari za ndugu zake. "Miaka yote hii nilikuwa nawaogopea."

Akalifungua furushi, akaloweka makopa.

"Usiondoke, Yonazi. Leo utakula hapa."

Kisha akajifunga ile kanga, mikunjo yake ikiwa bado imesimama, akausukuma mlango. Ukafunguka mpaka ukagonga ukuta.