Kiambatisho cha Bourse

"Yaya Abigaïl, angaria! Banatuma majina ya bourse!"

Mwenzake wa chumba, aliyezoea kumwita yaya kama dada yake mkubwa, alikuwa amekaa kitandani, kompyuta mapajani, sahani ya ugali wa bukari kando. Abigaïl akainama asome. Ilikuwa barua pepe ile ile ya bourse, ufadhili wa masomo, iliyomfikia yeye jana, kutoka kwa mtu asiyejulikana, yenye kiambatisho kimoja. Yeye alikifungua kwa pupa, virusi vikamharibia kila kitu, pamoja na kazi yake ya kumaliza masomo. Hakuwa na nakala. Kwa aibu, hakumwambia mtu.

"Lakini niko na woga," mwenzake alisema akicheka. "Prof alisema tusifungule bintu ya bantu benye hatujue. Na kazi yangu yote iko humu, sina hata copie. Weye unasema nini?"

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Bukari ilikuwa imekaukia pembeni mwa ukucha, kama kwa mtoto ambaye hakunawishwa. Abigaïl alikitazama kwa muda. Aliiona siku ya kutetea kazi: huyu amevaa nguo mpya, mama zake wanammwagia poda ya pongezi kichwani kwa vigelegele, na yeye mwenyewe Abigaïl amesimama pembeni anapiga makofi.

"Yaya?"

"Iko ya kweli," Abigaïl akajibu. "Hata miye nilipata. Fungula."

"Aksanti, yaya wangu! Tutaenda shiye wote!"

Akabonyeza. Abigaïl akasogea karibu, apate kuona vizuri.