Aliyetaka Kuwa Tisa

Kosa lilikuwa lake, hana wa kumsingizia: siku ya kwanza kazini, kabla hata jasho halijamtoka vizuri, aliomba kupandishwa cheo.

Alikuwa fundi cherehani, ila cherehani yenyewe ilikuwa rehani. Ndiyo maana asubuhi hiyo alijikuta katika kiwanda cha sufuria, mbele ya mashine ya kukandamiza bati. Unatandika bati, unatoa mkono, chuma kinashuka pwaa! Bati limekuwa mfuniko. Mkewe alimuaga mlangoni kwa maneno machache: "Baba watoto, usiende ukawa wa mwisho na huko."

Kumbe alishakuwa. Pale kiwandani watu hawakuitana majina, waliitana namba. Wa mashine ya kulia alikuwa Nane. Wa kushoto, Tisa. Msimamizi, mzee mwenye sauti ya kukwaruza, alikuwa Sita, na hakuna aliyethubutu kumtania. Yeye mgeni walimkagua kidogo tu, wakacheka, wakambatiza Kumi.

"Na bosi ni namba ngapi?" alimuuliza Nane.

"Bosi? Kumi, kama wewe."

"Acha utani, kaka."

"Kamuulize karani. Naye Kumi. Ghorofani kule ni Kumi watupu."

Akaona anachezewa. Ila kilichomuuma zaidi ni glavu. Wote walivaa glavu nene za ngozi, yeye mikono mitupu.

"Glavu zinaanzia Tisa," Nane alimweleza. "Kumi unajikaza hivyohivyo."

"Na ukishakuwa Tisa, unapata nini kingine?"

"Wiki nzima nyumbani, kwa nusu mshahara. Na soda. Bosi anakuletea mwenyewe."

"Bosi mwenyewe!"

"Anakuja na karatasi. Unatia sahihi kwamba umejitakia."

"Mbona mimi nimeshajitakia!"

Tisa, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, alikohoa. "Mimi sikutia. Soda nilikunywa, kisha nikaenda ofisi ya kazi kudai haki yangu. Mpaka leo naambiwa njoo kesho."

"Haki gani tena, bwana, na U-tisa umeshapewa?" Kumi alishangaa.

Nane alicheka mpaka machozi. Tisa hakucheka.

Kumi akaanza kuchapa kazi kama mtu anayekimbizwa. Bati, mkono, pwaa! Bati, mkono, pwaa! Mbele ya mashine kulitakiwa kuwe na wavu wa chuma wa kinga, lakini uling'olewa zamani, eti unachelewesha kazi; sasa ulikuwa umeegemezwa ukutani, karibu na bomba. Kengele ya chakula ilipolia na mashine kuzimwa, alimfuata msimamizi kwa adabu zote.

"Mzee, samahani. Mimi nina familia, na mke wangu amechoka kusikia niko wa mwisho. Naomba unifanye Tisa. Hata leo jioni."

Sita alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeomba kisu.

"Haraka ya nini, mwanangu? Itakuja yenyewe. Twende tukanawe, tule."

Wakajipanga bombani. Wakavua glavu, wakazitundika kwenye ule wavu. Vidole vingine vya glavu vilinywea. Vingine vilibaki vimesimama wima, vimejazwa matambara. Sita ndiye aliyewahi kumaliza kunawa. Hakuwa na vingi vya kuosha.

Wakati wa kula, Kumi alihesabu vidole vya wenzake, kisha vyake. Kengele ikalia tena, kila mtu akavaa glavu zake, akarudi mahali pake.

"Jamani," alisema, "naombeni nibaki Kumi."

Mashine zikawashwa.