Mwiko wa Bafuni

Katika nyumba ile ya wapangaji, mwiko wa mti ulining'inia msumarini kando ya mlango wa bafu, na haukusonga ugali hata siku moja. Ulikuwa wa kuwashia taa. Swichi ilikuwa ndani, kwenye ukuta unaolowa, na ilipiga shoti. Kila aliyetaka kuoga aliibonyeza kwa mwiko. Walizoea hata wakasahau kwamba ni hatari. Ndiyo maana Mashavu hakukumbuka kumwambia mdogo wake, Salha, alipokuja kumtembelea.

Baada ya kuanua matanga, fundi umeme aliitwa. Akaitazama swichi, kisha balbu iliyo uchi juu ya bomba la kuogea.

"Dada, swichi ya bafuni hukaa nje. Na taa hii yataka kifuniko kisichopitisha maji."

"Tumekusikia, fundi," mwenye nyumba akadakia kabla Mashavu hajafungua kinywa.

Jioni mwenye nyumba alirudi na mwiko mpya, mrefu kuliko ule wa kwanza, ameufunga kitambaa chekundu.

"Huu hata mgeni atauona," alisema, akautundika.

"Ahsante, baba," wapangaji wakaitikia.

Mashavu aliushika mwiko, akatamani kuuvunjia gotini. Lakini joto lilikuwa kali, na bafu lilikuwa hilo hilo moja. Akanyoosha mkono, akabonyeza. Mwanga ukayaangukia malapa ya Salha kizingitini, pale alipoyavua kwa adabu ya mgeni asiyetaka kuwachafulia wenyeji sakafu.