Komeo la Nje

Fundi seremala alipiga magoti mbele ya mlango wa stoo, akatoa msasa. Upande wa ndani, chini kabisa, mbao zilikuwa zimejaa mikwaruzo, mingine imechimba hadi kwenye kiini cha ubao.

"Hiyo iondoe yote, kisha upake vanishi," alisema msimamizi wa nyumba hiyo ya utotoni, ambayo sasa ni makumbusho ya mwandishi. "Wageni wanataka kuona mahali kaka yako alipokuwa akijifungia kusoma."

"Nani kasema alijifungia?"

"Si kaandika mwenyewe kitabuni?"

"Komeo liko nje, mama. Mtu hajifungii kwa komeo la nje."

Msimamizi alilitazama komeo kana kwamba jana halikuwapo.

Fundi alijaribu kuweka vidole vyake kwenye mikwaruzo. Vilikuwa vinene mno, havikuingia.

"Hizi ni kucha za dada yetu. Alikuwa na miaka sita. Baba alimfungia humu kwa kuvunja kikombe, na sisi wawili tukakaa sebuleni tukimsikia mpaka akanyamaza. Hakuna aliyethubutu kuinuka."

"Lakini kitabuni alikufa kwa homa."

"Ndivyo tulivyoambiwa tuseme."

Nje, wanafunzi walikuwa wamepanga foleni na mwalimu wao. Msimamizi alishusha sauti. "Mzee wangu, nakuomba. Ya ndani yabaki ndani. Wote wameshakufa."

"Mimi bado."

Fundi akainuka kwa kushikilia ukuta, akaenda kuwafungulia wanafunzi.

"Karibuni," aliwaambia. "Mimi ni mdogo wake mwandishi. Tuanzie stoo."