Ukaguzi wa Nne

Kibandiko chekundu cha kwanza kilibandikwa darini, juu kabisa ya kitanda cha mtoto. Pilipili alisimama mlangoni, mikono kifuani, akihesabu kimoyomoyo. Bado vitatu.

Jina la Pilipili alipewa na majirani kwa sababu ya mdomo wake. Leo mdomo aliufunga. Watu hawa wa ukaguzi aliwahitaji.

Walikuwa watano: vijana wanne wenye barakoa na ovaroli mpya, na Mzee wa koti la bluu, yule yule wa siku zote. Kila wanapokuja, vijana hubadilika, Mzee habadiliki. Hagusi kitu. Hukaa kwenye kigoda cha jikoni akitazama saa yake kama mtu anayeogopa kuachwa na basi.

Hii ilikuwa mara ya nne. Mara ya kwanza mwenye nyumba alimwambia tu, "Watu wa ukaguzi watakuja, wafungulie." Akawafungulia. Wiki iliyofuata mafundi walikuja kweli. Wakabomoa dari za nyumba zote za safu ile, wakaweka mpya. Ya Pilipili wakaipita kama hawaioni.

"Subira yavuta heri," mwenye nyumba alimwambia.

Ya kwake ilikuwa imevuta vumbi tu.

Mwanawe walimwita Kasuku. Alipokuwa na miaka miwili alisema mpaka majirani wakafunga madirisha. Sasa ana mitatu na nusu na amebakiwa na maneno matatu: maji, mama, hapana. Mchana kutwa alikaa dirishani, akibambua rangi kwa kucha na kuitia mdomoni, maana ina utamu. Muuguzi alipima damu yake, akaguna.

"Ni hiyo rangi, mama. Ina madini ya risasi, ni sumu. Wakaguzi wakishaandika, mwenye nyumba hana ujanja. Atengeneze au awahamishe."

Pilipili hakungoja. Alinunua kopo la rangi nzuri, akapaka dirisha lote. Mwenye nyumba alikuja mbio rangi ikiwa bado mbichi, akaifuta yote kwa tambara la petroli.

"Nyumba hii iache ilivyo! Ukipigilia hata msumari, utatafuta pa kulala."

Basi akabaki kuwangoja wakaguzi.

Kibandiko cha pili kilibandikwa dirishani. Cha tatu kwenye vigae vya sakafuni, baada ya kijana mmoja kukunja mkeka na kugonga-gonga kwa kidole. Kikabaki cha nne. Mdogo wao, binti, alipita mbele ya kabati la jikoni mara mbili bila kuliona. Pilipili alikuwa amewatazama waliomtangulia binti huyo mara tatu, alijua cha nne hubandikwa wapi. Nyuma ya kabati lilikuwapo bomba la zamani, limeviringishiwa kitu cha kijivu, kama pamba iliyooza, chenye vumbi la sumu.

Akaonyesha kwa kidevu. "Nyuma ya kabati, mdogo wangu."

"Mama," Mzee alisema bila kuinua macho, "tafadhali usiwasaidie."

Damu ikampanda kichwani.

"Nisiwasaidie? Mzee wangu, mmekuja kuona au mmekuja kufumba macho? Mtoto wangu anakula dirisha, wewe unatazama saa! Safari tatu mnapapasa kuta zangu kama waganga, mnaandika, mnaondoka, kimya. Huyo mwenye nyumba amewalisha nini?"

Kijana mmoja alicheka ndani ya barakoa, halafu akajitia kukohoa.

"Zimebaki dakika tano," Mzee akasema.

Binti alisukuma kabati. Akapiga magoti, akamulika kwa kurunzi, akabaki pale kitambo. Kisha akabandika cha nne.

Mzee akainuka. Alizunguka chumba kwa chumba akabandua vibandiko vyote, kama afanyavyo kila mara. "Visikuchafulie nyumba," alisema. Pilipili nusura acheke. Nyumba imejaa sumu, yeye anaogopa gundi! Akaletewa karatasi, akatia sahihi palepale anapotia siku zote.

"Haya, na safari hii?" aliuliza. "Au ndiyo mpaka mwakani?"

"Kazi imekwenda vizuri sana, mama. Sana."

Walipotoka, alisikia vigelegele huko nje. Makofi. Mtu akapiga mluzi. Pilipili alisikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze kifua chake kililegea. Watu hawashangilii bure. Leo wamemkamata yule mwenye nyumba, leo hana pa kutokea. Akamnyanyua Kasuku kutoka dirishani, akampangusa midomo kwa ncha ya kanga.

"Umesikia, baba? Tunatengenezewa nyumba yetu."

"Hapana," Kasuku akasema.

Mlango ukagongwa. Alikuwa binti yule, amevua barakoa, uso unang'aa, mdogo kuliko Pilipili alivyodhani.

"Nimesahau kurunzi yangu, dada. Halafu Mungu akubariki. Lile la nyuma ya kabati ndilo linalowaangusha wengi."

"Umeliandika?"

"Yote manne!"

"Basi mafundi wanakuja lini kutengeneza?"

Binti akaangua kicheko, akampiga bega kidogo, kama mtu aliyetupiwa mzaha mzuri.

"Na wewe dada! Wakitengeneza, darasa lijalo litafanyia wapi mtihani?"