Msindikizaji wa Jumanne

Mama alizipanga chupa mezani moja moja, kama mtu anayeandaa chakula. Zote zilikuwa tupu. Alikuwa amezikuta nyuma ya tangi la maji, zimefungwa kwenye gunia la unga.

"Nani?" aliuliza.

Nyumbani walikuwa watatu tu: mama mwenyewe, ambaye hata dawa ya kikohozi aliinusa kwanza, binti yake mkubwa, mpambaji wa keki, na mwanawe wa mwisho, fundi wa friji, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Baridi. Binti alikuwa amesimama mlangoni, mkoba ungali begani.

"Zangu, mama," alisema Fundi Baridi.

Mama akaketi. "Kumbe nilizaa pipa," alisema, na tangu siku hiyo hakumsemesha tena.

Habari ziliruka ukuta kabla jua halijazama. Wazazi wa mchumba wa Fundi wakatuma ujumbe kwamba harusi isubiri kwanza. Mteja mmoja akaja kuchukua friji yake kabla haijapona. Fundi hakubishana na mtu. Alikula peke yake jikoni, akaosha sahani yake, akaenda kulala.

Dada yake aliyaona yote hayo kama mtu anayetazama mvua kupitia dirisha. Alijua kuna kitu anapaswa kukihisi. Alikisubiri, hakikuja. Kazini, maandishi ya keki yalianza kumwendea upande. Jina la bibi harusi likapanda mlima na kushuka bonde.

"Una nini siku hizi?" mwenye duka alimwuliza.

"Mambo ya nyumbani. Mdogo wangu."

"Nilisikia. Pole. Mtu anakunywa peke yake, mnaugua nyumba nzima."

Akaitikia kwa kichwa, akalikwangua lile jina, akaanza upya.

Fundi ndiye aliyekitafuta kikundi cha watu wanaoacha pombe. Aliuliza kwenye zahanati, akaelekezwa vibaya hadi akajikuta kwenye mazoezi ya kwaya, wakamkaribisha kwa sauti ya nne, akarudi kuuliza tena. Jioni moja akasimama mlangoni pa chumba cha dada yake.

"Dada, wanakutana Jumanne, pale shule ya msingi. Nisindikize."

"Wewe ni mtu mzima."

"Peke yangu sitaingia. Nitaishia getini. Nakuomba."

Dada akavaa viatu.

Walikutana katika darasa la watoto wadogo. Viti vilikuwa vifupi, magoti ya watu wazima yakafika kifuani. Aliyeongoza walimwita Kinyozi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyokuwa nayo kabla pombe haijamnyang'anya wembe, na ndiyo aliyoirudia. Hakuhubiri. Alimimina chai, akauliza nani ana la kusema.

"Na wewe, dada yangu?"

"Mimi nimemsindikiza mdogo wangu."

"Karibu. Wasindikizaji nao huchoka."

Jumanne hiyo Fundi alisema tu kwamba chupa zimekutwa. Iliyofuata, alieleza maficho. Pombe unaitia kwenye chupa ya siki, chupa ya siki unaizamisha kwenye unga, pipi za mnanaa hazikauki mfukoni, na watu unaongea nao umegeuza uso pembeni. Aliyasema polepole, kwa sauti ya chini, kama anayechelea kumwamsha mtu. Waliokuwepo wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyekuwa mgeni wa mambo hayo. Dada alikuwa akitazama herufi zilizobandikwa ukutani, akizisoma moja baada ya nyingine. A, b, ch.

Walirudi nyumbani kwa miguu.

"Unawaambia mambo mengi," alisema Dada.

"Kuna mahali nimekosea?"

Dada akaongeza mwendo.

Jumanne ya tatu alikuja mtu mpya, mpaka rangi, madoa meupe yangali kwenye nywele. Mikono ilimtetemeka mpaka chai ikamwagikia suruali. Alimsikiliza Fundi hadi mwisho, kisha akamgeukia.

"Kaka, samahani. Asubuhi ukiamka, kabla hujapata ya kwanza, unafanyaje mikono itulie? Mimi nina kazi za watu. Nimeshindwa."

Fundi akaitazama mikono yake, iliyotulia juu ya magoti kama ya mtu anayepigwa picha. Kinyozi akangoja. Darasa zima likangoja. Jasho likaanza kumtoka Fundi shingoni, na yule mpaka rangi alikuwa bado anamkodolea macho kama mgonjwa anayesubiri dawa dirishani.

"Maji ya baridi," alisema Dada.

Watu wakageuka.

"Unaiweka chini ya bomba mpaka ife ganzi. Halafu unaikalia. Lakini haitulii." Sauti yake ilikuwa kavu, kama anayesoma maelekezo nyuma ya pakiti. "Mwacheni mdogo wangu. Zile chupa ni zangu. Yeye hajawahi hata kuonja."